Nusu Ukurasa wa Mehetabel

Jumanne, 6 Julai 2021

Nimempata! Saa tatu asubuhi, nimevaa koti juu ya nguo za kulalia, uji unapoa kando ya laptopu — nikampata. Anaitwa Mehetabel. Nimekimbilia Biblia, na jina lipo kweli, Mwanzo thelathini na sita. Mke wa seremala. Mwaka 1648, mji mdogo Massachusetts. Na mimi hapa Rooty Hill, kitongoji chetu cha ughaibuni, siku yangu ya kupumzika, lokdauni wiki ya pili.

Niandike kwa utaratibu, maana najijua, nikifurahi narukaruka. Somo la muhula huu ni waandishi wa makoloni ya kwanza ya Marekani. Sikulichagua kwa mapenzi. Nililichagua kwa sababu lipo Jumanne na Jumanne siendi kazini, na kwa sababu lilikuwa la Zoom tangu mwanzo, sihitaji kusafiri mpaka chuoni Kensington na kurudi. Nilidhani nitasinzia. Wahubiri wenye kola nyeupe! Mahubiri ya saa mbili! Kumbe wapi. Watu hawa waliandika kila kitu. Ng'ombe akiteleza kwenye barafu wanaandika: nimemkosea Mungu wapi? Jibini ikioza, vilevile. Mtu anafungua daftari kila jioni na kuupima moyo wake kama mimi ninavyowapima wazee presha kazini. (Na wanaita pori nchi ambayo wenyeji walikuwa wanaishi humo tayari. Dokta Halloran, mwalimu wetu, hakubali tulisahau hilo.)

Leo ametuonyesha daftari la mchungaji mmoja. Kanisani kwao haikutosha kuhudhuria Jumapili. Ili upokelewe ulitoa ushuhuda: ulikuwa nani, ulitikisika wapi, neno gani lilikufungua. Kanisa linasikiliza, linapima, halafu unapokelewa au unaambiwa ngoja kwanza. Mchungaji aliziandika shuhuda hizo moja baada ya nyingine, za wajakazi, za wakulima, za wake za maseremala. Mwanafunzi mmoja mwenye kofia alisema inamkumbusha kituo cha polisi. Wengine walipiga miayo. Mimi nilitaka kuruka kwenye kiti. Polisi gani? Huu ni ushirika! Huu ni ushirika wa ndugu waliookoka, kwetu karibu na Maseno, Jumamosi alasiri, mama yangu benchi la mbele! "Bwana asifiwe" — mtu anasimama, anaungama, na ndugu wanampepeta kama mtama.

Sasa Mehetabel. Alizika watoto wawili katika majira ya baridi ya mwaka mmoja. Ushuhuda wake ni mistari kumi na minane tu. Anasema alimtafuta Mungu jikoni na shambani. Anasema: "Ndipo nikaomba, nikasikia kimya."

Halafu basi. Nusu ya ukurasa ni nyeupe. Ukurasa wa pili anaanza mtu mwingine. Dokta anasema hakuna anayejua kwa nini. Kila mmoja wetu achague andiko moja la kuwasilisha tarehe 3 Agosti. Sikumaliza dakika, nimeshaandika jina langu.

Kwa nini nilimchagua haraka hivyo, nitaandika siku nyingine.

Alhamisi, 8 Julai

Haya, niandike. Hakuna mwingine atakayesoma.

Februari 2019, ukumbi wa Toongabbie, mtaa wa jirani, ushirika wetu wa Kiswahili, Wakongo na Wakenya pamoja. Oloo, mume wangu, alikuwa ametutoka Novemba. Nikasimama kutoa ushuhuda. Nikasema: siku ya mwisho hospitalini niliomba, nikasikia kimya. Nikavuta pumzi ili niendelee — na Mzee Bisimwa, kiongozi wetu, akaanzisha wimbo. Ukumbi mzima ukaudaka. Makofi, vigelegele. Nikaketi.

Katika ushirika wa mama yangu, wimbo katikati ya ushuhuda una maana moja tu: dada, umepotea njia, kaa chini. Nilimwona mwalimu mkuu mmoja wa kule akifanyiwa hivyo alipoanza kutaja dhambi za jirani yake. Aliaibika mpaka akabadilisha kanisa. Mimi sikubadilisha. Ninaenda, ninaimba, ninapika chai ya watu hamsini, ninarudi nyumbani. Lakini ushuhuda? Sijafungua kinywa tangu siku ile. Miaka miwili na nusu. Inaniuma kila Jumamosi, na sijamwambia mtu.

Na leo nini? Mzee Bisimwa ametuma ratiba kwenye WhatsApp. Kila Jumamosi saa kumi, mtu mmoja atatoa ushuhuda kwa Zoom, "ili lokdauni isitukaushe". Mama Cheryl — mimi — tarehe 7 Agosti.

Niliisoma chumba cha mapumziko kazini, barakoa kidevuni, nikasema "Hapana!" kwa sauti, hadi mpishi akageuka.

Sitasema. Nitapata dharura ya kazini. Nyumba ya wazee haikosi dharura.

Jumamosi, 10 Julai

Tumejaribu kuimba kwa Zoom. Nimecheka mpaka nimezima kamera! Mzee Bisimwa anaanza, Mama Anésie yuko maneno manne nyuma, Kiprono yuko ubeti wa pili tayari, na mtoto wa mtu anataka biskuti. Mzee akatuzima sote, akaimba peke yake mpaka mwisho, macho amefumba.

Jumatano, 14 Julai

Wimbo! Ni wimbo!

Nilikuwa nasugua sufuria ya ugali, likanijia. Mchungaji hakuishiwa wino. Mehetabel hakunyamaza. Alisema "nikasikia kimya", na kanisa likamwimbia! Wakamkatiza! Na wewe mwandishi, mtu anapoimbiwa utaandika nini? Unaweka kalamu chini. Nusu ukurasa inatosha kabisa beti sita!

Nikaingia mbio chumbani kwa Cheryl, povu mkononi. Nikamwambia mama yako amegundua jambo ambalo maprofesa hawajalijua. Binti yangu ana miaka kumi na moja, na hilo jicho alilonitupia amelirithi kwa baba yake.

"Mum. I'm literally in maths."

Kweli, alikuwa kwenye kipindi cha hesabu, nyuso ishirini za watoto zilikuwa zinaniangalia. Nikazipungia.

Nimeandika kurasa nane bila kuinuka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hii kwa ajili ya kitu kilichoandikwa. Nimemtetea yule mwanamke kama wakili. Mliogopa nini, nyie watu wa kola? Mwanamke amesema kweli, na nyie mkamfunika kwa zaburi!

Jumanne, 20 Julai

Juzi na jana, zamu mbili mfululizo. Wenzetu wawili wamewekwa karantini. Kipimo puani kila asubuhi. Nimesoma kwenye treni, barakoa imelowa. Bado nina uhakika. Uhakika kabisa!

Jumatatu, 26 Julai

Wametufungia Blacktown, wilaya yetu. Hakuna kutoka eneo hili kama kazi yako haimo kwenye orodha. Yangu imo. Polisi stesheni wameangalia kitambulisho changu, wamesema asante kwa kazi unayofanya, nami nikawajibu kwa Kiswahili kwa kuchanganyikiwa. Cheryl anasema sasa tunaishi kwenye "naughty corner", kona ya watoto watundu. Nimempikia chapati.

Jumatano, 28 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Nilipewa dakika kumi na Dokta Halloran kabla ya kuwasilisha. Paka wake alikuwa amekaa mbele ya kamera. Nikamweleza wimbo wangu, mikono yote hewani. Alisikiliza mpaka mwisho, ni mama mwenye adabu. Akasema ni wazo zuri sana na angependa liwe kweli. Halafu akanieleza taratibu: katika kanisa lile wanawake hawakusimama mbele ya watu. Walikwenda nyumbani kwa mchungaji, wakazungumza naye mezani, yeye akaandika. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyesoma mbele ya kanisa. Na zaburi ziliimbwa kwa wakati wake, hakuna aliyeruka na wimbo katikati ya maneno ya mtu.

Hakukuwa na wimbo. Kurasa nane!

Nilibaki nimeduwaa kama mtu aliyeanika nguo zote mvua ikaja. Sikutaka kulia mbele ya paka. Dokta akasema nisitupe kazi yote, ila nijiulize: huo wimbo niliutoa wapi, mbona nilikuwa na uhakika hivyo?

Nikamuaga haraka. Najua nilikoutoa.

Ijumaa, 30 Julai

Kama nilimwekea Mehetabel wimbo ambao haukuwapo, basi ule wangu wa Toongabbie je? Ulikuwapo, niliusikia kwa masikio yangu. Lakini ulikuwa wa nini? Swali hili limenikaba siku mbili.

Leo nikamwita Mama Anésie tufanye mazoezi, maana mtu mmoja wa kutembea naye bado unaruhusiwa. Yeye ni wa Bukavu, anafungasha maboksi ghalani, na ile siku alikuwa amekaa nyuma yangu. Tukazunguka uwanja wa mpira, mita moja na nusu kati yetu, tukipiga kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mzunguko wa tatu nikamuuliza: kwa nini Mzee Bisimwa alinikatiza?

Akasimama. "Kukukatiza? Nani alikukatiza? Tulikuimbia!"

Nikamwambia ndiyo hivyo, mliniimbia ili nikae.

"Ukaikale? Mama Cheryl, weye!" Akashusha barakoa, akaipandisha tena haraka. "Kwetu mutu wa kilio akianza kushindwa, sauti ikianza kutetemeka, hatumuachi peke yake na ile sauti. Tunamuingilia na wimbo, tunamubeba. Akishapumzika, anaendelea. Tulimaliza wimbo, tukakungojea. Weye ukakuwa unatafuta mufuko yako chini ya kiti."

Nilikuwa natafuta funguo za gari. Nakumbuka. Nilikuwa nataka kutoka.

"Tukangojea mpaka Mzee akasema, labda Wakenya wanamalizaka vile."

Labda Wakenya wanamalizaka vile! Nikaanza kucheka nikashindwa kuacha, na ndani ya kicheko nikalia, mtu na mbwa wake wakatupisha. Miaka miwili na nusu nimewapikia chai watu ambao nilidhani walinifukuza kwa makofi. Na wao wananiona mama mkimya asiyetaka kuguswa, wakaniheshimu, wakaniacha. Hakuna mwenye kosa! Nimejikasirikia, nimefurahi, sijui.

Jumapili, 1 Agosti

Nimepekua picha zote za daftari la mchungaji. Mia mbili na kumi na nne! Macho yanawasha. Nilianza asubuhi, Cheryl akaniletea mkate wenye jemu saa nane bila kuombwa, nikajua sura yangu inatisha.

Picha ya 188. Orodha ya waliopokelewa, Oktoba. Wa nne: Mehetabel, mke wa seremala.

Alipokelewa! Na nusu yake!

Nimezunguka meza mara tatu. Sasa naona. Mchungaji yuko mezani, mwanamke anasema "nikasikia kimya" na labda anashindwa kuendelea. Mchungaji angeweza kumalizia kwa maneno yake mwenyewe, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kufuta. Hakufuta. Aliacha nusu ya karatasi — karatasi ilikuwa ghali, kwenye daftari lote hakuacha nafasi nyingine hata ya kidole, nimehakikisha! — aliiacha ili mwanamke akirudi amalizie. Hakurudi, au alirudi akasema hilo ndilo lote. Yule mchungaji akasimama akalisoma lilivyo, na kanisa likasema aingie.

Siwezi kuthibitisha. Lakini safari hii sijaweka kitu ambacho hakimo.

Na mimi? Nusu yangu ni ipi? Nimekaa nayo kwenye hii meza. Niandike hapa kwanza, nione kama inaandikika.

Niliomba, nikasikia kimya. Ilikuwa alasiri. Oloo amelala, pumzi zimeachana. Akaingia mama wa usafi, akaniuliza kama afungue pazia. Nikasema fungua. Chini kulikuwa na maegesho ya magari, na kijana mmoja anajaribu kukunja gari la mtoto la kusukuma aliweke kwenye buti ya gari lake. Halikunji. Akalipiga teke. Akaliweka kichwa chini miguu juu. Mke wake amemshika mtoto, anamwelekeza kwa kiwiko. Na Oloo wangu, injinia mzima, hakuwahi kukunja gari la Cheryl hata siku moja! Alikuwa analiingiza lilivyo, buti wazi, kamba! Nikacheka. Mume wangu anakufa, nami nacheka dirishani, na nikamsimulia, yule jamaa amelipiga teke tena, Baba Cheryl, amelipiga teke tena. Sijui kama alisikia. Saa moja baadaye akaenda.

Hiyo ndiyo nusu iliyobaki. Hakuna malaika. Hakuna sauti. Ni kicheko cha mjane mtarajiwa. Nani atasimama mbele ya kanisa aseme hivyo?

Na ndicho kitu pekee nilichotaka kuwaambia.

Jumanne, 3 Agosti

Nimewasilisha! Dakika kumi na tano kamili. Nilivaa blauzi ya harusi za watu na chini suruali ya kulalia. Nilianza na kosa langu, niliwaambia kuhusu wimbo wote ule wa kurasa nane na nilikoutoa, halafu karatasi ghali, halafu picha ya 188. Hakuna aliyepiga mwayo. Dokta alisema ni kisio, lakini ni kisio linalostahili kubishaniwa — na kwa sura yake hiyo ni sifa kubwa! Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kuendelea na utafiti. Mimi! Nikasema nitafikiria.

Yule wa kofia, wa polisi, ndiye aliyeuliza swali la mwisho. Je, Mehetabel alirudi kumalizia?

Nikasema hatujui. Nafasi aliachiwa, haikujazwa.

Nimefunga laptopu nikakaa nikiitazama.

Ijumaa, 6 Agosti

Msimamizi amepiga simu: wana upungufu kesho alasiri, naweza kuja? Hii hapa dharura yangu, imekuja yenyewe, hata sikuitengeneza!

Nimesema siwezi. Nimesema nina shughuli ya kanisa. Nimekata simu nikajiuliza nani amesema maneno hayo kwa sauti yangu.

Jumamosi, 7 Agosti

Saa kumi na dakika tano. Naandika chini ya meza, daftari kwenye mapaja, kamera imewashwa. Nyuso thelathini na moja. Cheryl yuko kando yangu kwenye zulia, anasema yuko hapo kwa ajili ya wifi tu. Wifi inafika mpaka chooni.

Saa kumi na robo. Maombi. Mzee Bisimwa amevaa tai. Nyuma yake kalenda ya mwaka jana. Anasoma majina ya wagonjwa, orodha ni ndefu leo.

Saa kumi na ishirini. Ameniita. "Mama Cheryl, karibu, ufungue micro." Nimefungua kipaza sauti.

Nimesema! "Bwana asifiwe." Nimesema jina la Oloo, na sauti haikukatika hapo. Nimesema hospitali. Nimesema: "Niliomba, nikasikia kimya."

Sauti ilikatika hapo. Palepale. Mahali pale pale!

Sasa nimeinamisha kichwa, watadhani nasali. Naandika ili mkono uwe na kazi. Hakuna anayesema kitu. Nilidhani Zoom imeganda, lakini pazia la Mama Anésie linatikisika, na Kiprono anafuta miwani. Cheryl ameshika kisigino changu.

Kipaza sauti cha Mzee Bisimwa kimewaka. Anavuta pumzi. Naijua pumzi hiyo, kila Jumamosi huwa ni ya kuanzisha wimbo. Sawa, Mzee, niimbie. Leo najua ni wa nini. Niimbie, nitangojea beti zote, halafu nitaendelea.

Haimbi.

Ameisogelea kamera mpaka uso umejaa skrini. Anauliza taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Na kisha, mama?"

Na kisha! Miaka miwili na nusu, na leo ndipo mtu ameniuliza! Cheryl amenyanyuka kwenye zulia. Ananitazama mdomoni, hajawahi kusikia habari ya gari lake la mtoto. Wote wanangoja. Naweka kalamu chini, niseme nusu iliyobaki.